Rasimu ya Kwanza Haifutwi

Mimi siyo mtu wa kubembelezwa, na sitaki yeyote anionee huruma baada ya kusikia haya. Kazi yangu ni kuandika watu wanachosema. Miaka kumi na saba nimekaa kwenye meza ndogo chini ya jukwaa, hedifoni masikioni, nikiandika neno kwa neno yanayosemwa mbele ya kamati za bunge: hoja, matusi, vikohozi, vicheko, yote. Wabunge wamekuja na wamekwenda, wengine leo hawasalimiwi hata sokoni, mimi nipo palepale. Na katika miaka yote hiyo sijawahi kuandika neno ambalo halikusemwa wala jambo ambalo siyo kweli. Hata siku ile sikuandika uongo.

Siku yenyewe kamati ilikuwa inasikiliza maoni ya wananchi juu ya muswada wa mawasiliano. Muswada ulitaka ofisa wa usalama aweze kuchukua taarifa za simu ya mtu yeyote, kampigia nani, yuko wapi, kaandika nini, bila kupita mahakamani kwanza. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kando ya madirisha. Feni zilikuwa mbili, moja mbovu, na hiyo nzima ilikuwa inampepea mwenyekiti peke yake.

"Mimi nauza nyama," akasema mtoa maoni mmoja, mtu wa shingo nene. "Simu yangu ina nini? Bei ya mbuzi na picha za wajukuu. Waichukue! Asiye na kosa haogopi askari."

Wakampigia makofi. Akainuka mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye mkongojo, akamgeukia. "Ndugu yangu, kwako choo kina mlango?"

"Kina."

"Unaficha nini humo?"

Ukumbi ukaangua kicheko, mwenyekiti akagonga meza, na muuza nyama mwenyewe akacheka mpaka akajifuta machozi. Nikaandika: (kicheko). Lakini watu wetu nao! Dakika tano baadaye walimpigia makofi yaleyale askari mstaafu aliyesema kwamba mlango wa choo haujawahi kuzuia bomu.

Kama mnataka kujua, mimi nilikuwa upande wa muuza nyama. Niliwahi kuibiwa simu, nikaenda kituoni, nikaambiwa hakuna namna ya kuitafuta. Nikasema moyoni, sheria hiyo na ije, tena ichelewe nini?

Sasa niwaeleze tunavyofanya kazi, maana bila hivyo hamtanielewa. Tunaandika wawili wawili kwa zamu za dakika kumi. Mwenzangu nilimbatiza Mzee Nukta, kwa sababu anaweza kugombana na wewe nusu saa nzima kwa ajili ya nukta moja. Zamu yako ikiisha, unamwachia mwenzako maelezo mafupi pembeni mwa ukurasa ili ajue nani ni nani: "Na. 9, koti la kijivu, ana kikohozi." "Na. 11, mwalimu, ana mkongojo." Usipofanya hivyo maneno ya huyu yanaingia kinywani mwa yule, na kesho yake mtu anakuja ofisini na wakili. Halafu unabonyeza kukabidhi. Ukishabonyeza, rasimu yako inahifadhiwa kama ilivyo, na maelezo yake ya pembeni. Unaweza kuisafisha nakala ya pili, ya tatu, hata ya kumi. Ya kwanza haiguswi.

Kanuni hiyo niliipigania mimi. Kuna mheshimiwa mmoja aliwatukana wauguzi mbele ya kamati, kesho yake akakana, karani mkuu wa wakati huo akaifuta rasimu, nikaonekana mzushi. Nililia chooni kama mtoto. Kisha nikaandika barua tatu, nikagombana na kila mwenye cheo, mpaka ikapitishwa: rasimu ya kwanza haifutwi. Wenzangu walinibeba juu juu siku hiyo, na mimi nikajiona shujaa kweli.

Siku ya muswada kulikuwa na watoa maoni watatu waliokaa nyuma ya pazia. Mwenyekiti aliwaahidi mbele ya ukumbi mzima kwamba hawatajulikana, na sisi waandishi tukaambiwa tuandike namba tu. Wa mwisho wao alikuwa Namba Kumi na Nne.

"Nafanya kazi kampuni ya simu," akaanza, "kwenye dawati la maombi ya serikali."

Vidole vikanisimama. Sauti ile niliibeba mgongoni nikiwa na miaka tisa. Nyumbani tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi, na akipandwa na hasira huwa anameza mwisho wa maneno, tangu utotoni. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Mdogo wangu wa tumbo moja, yuko nyuma ya pazia mbele ya kamati, na mimi dada yake sijaambiwa hata nusu neno!

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "hapa watu wanabishana kama taarifa zichukuliwe bila amri ya mahakama. Zinachukuliwa. Ofisa ananitumia ujumbe kwenye simu, hana barua, hana muhuri, na mimi nampa, kwa sababu bosi wangu ameniambia nisiulize. Kuna mmoja aliomba mahali ilipo namba fulani mara kumi na moja kwa mwezi mmoja. Nikampa mara kumi na moja. Baadaye nikaja kujua namba ile ni ya mke wake. Alikuwa amemkimbia, amejificha kwa shangazi yake. Mume akamfuata hukohuko."

Nilimsikia akivuta pumzi kwenye hedifoni.

"Tulisoma habari za maziko ya huyo mke gazetini. Mimi ndiye niliyebonyeza."

Hakuna aliyepiga makofi. Dakika zangu kumi zikaisha hapohapo. Sijui ilikuwa hofu au hasira, lakini nadhani hasira, maana kwangu mimi hasira ndiyo hutangulia na akili hufuata nyuma. Na mkono ukafanya ulichozoea kufanya kwa miaka kumi na saba. Pembeni mwa ukurasa nikaandika: "Na. 14, mdogo wangu, anameza mwisho wa maneno." Nikabonyeza kukabidhi.

Macho yakaona baada ya kidole. Mungu wangu! Mzee Nukta alikuwa ameshavaa hedifoni zake. Akasoma pembeni, akanitupia jicho, akayafuta maneno yale kwenye nakala yake, akaendelea kuandika kana kwamba hakuna lililotokea. Wakati wa mapumziko akanivuta kwenye korido.

"Kwangu nimefuta. Kwako?"

"Kwangu kumeshahifadhiwa."

Akatikisa kichwa. "Basi mwambie mdogo wako. Leo hii, usingoje kesho. Ajue kuna maandishi yanayomtaja, ajipange."

Nikamwambia nitamwambia. Jumapili Chiriku akaja mwenyewe kwangu, amebeba matunda, anacheka, anauliza kwa nini sufuria zangu ni nyeusi hivyo. Sikumpa hata kiti.

"Umetumwa na nani kwenda kuropoka kule?"

Kicheko kikamkauka. "Ulikuwepo?"

"Mimi nikakosa kuwepo? Ndiyo kazi yangu! Na sauti yako nisiijue?"

Akakaa mwenyewe. Akaniambia kwamba hakuniambia kwa sababu angeniambia ningemzuia, na kwamba tangu yule mwanamke azikwe hajalala usingizi wa maana. Akasema anamwona. Siyo ndotoni, alisema, bali ofisini, kila ujumbe unapoingia. Nilimwonea huruma, nisiseme uongo, lakini hasira ilikuwa bado imenikaba, nikamwita mpumbavu na mwendawazimu na majina mengine ambayo siyo ya kurudia. Alivumilia yote. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Lakini dada, hukuandika popote kwamba ni mimi?"

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, tuko wawili, ulimi uko kinywani. Ningesema, angekwenda kwa wakili siku hiyohiyo, au angeomba likizo akaondoka mjini, au angenitukana na sisi tungekuwa sawa. Lakini nilikuwa nimeshamwita mpumbavu nusu saa nzima. Ningeanzaje kumwambia kwamba mpumbavu ni mimi?

"Niandike nini?" nikamjibu kwa ukali. "Unaniona mimi mwanafunzi?"

Akacheka, akanikumbatia. "Najua. Wewe ndiye mtu pekee ambaye siwezi hata kumshuku." Akaosha sufuria zangu zote kabla hajaondoka.

Muswada ulipita wiki tatu baadaye. Waliosema ndiyo walipaza sauti mpaka hedifoni zikaniumiza masikio. Nikaandika: (makofi, vigelegele). Mwalimu mwenye mkongojo alikuwa amekaa juu kwenye viti vya wageni. Aliinuka akatoka polepole. Sikumfurahia muuza nyama siku hiyo, wala sikumchukia. Nilikuwa nasikiliza simu yangu kama itaita.

Ikaita Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuwa shemeji yangu, mume wa Chiriku, fundi umeme, mtu mpole anayependa kusimulia mambo hata ukiwa unakimbilia basi. Siku hiyo hakuwa na simulizi. "Shemeji, wamemchukua. Wamemtoa dawatini mbele ya wateja. Wamechukua na kompyuta yake."

Kesho yake wakamchukua na yeye shemeji, wakamhoji kwa muda wa saa mbili, wakamwachia, wakamrudishia na simu yake. Kosa lake, ukiniuliza mimi, ni hilo tu: kurudi mapema. Maana mama aliposikia kwamba binti yake yuko ndani na mkwe yuko nje anatembea na simu yake mfukoni, alikata shauri palepale. "Nani mwingine aliyejua?" akasema. "Huyu huyu. Mdomo wake haujui kufunga. Amemtoa mwenzake ili ajiokoe."

Na mimi nikanyamaza. Nilijiambia kwamba mama ana uchungu, acha amwage, yataisha. Yakaenda kwa majirani, kwa shangazi, kwa mjomba. Mafundi wenzake wakaanza kumwita Redio. Mteja mmoja akamfukuza asimfungie hata taa. Bado nikanyamaza.

Siku ya tano ya Chiriku kuwa ndani niliitwa ofisini kwa karani mkuu. Alikuwepo yeye na wanaume wawili waliovaa vizuri, wapole kupita kiasi. Mezani palikuwa na karatasi moja: ukurasa wangu. Maelezo yangu ya pembeni yalikuwa yamepigiwa mstari.

"Haya ni maandishi yako?" akauliza mmoja.

Niseme nini? Mashine ilikuwa na alama yangu ya kuingilia.

"Hatuna shida na wewe, mama," akasema mwingine. "Wewe ni mtumishi mwaminifu. Tunachotaka ni uthibitisho wa kawaida tu, kwamba kumbukumbu hii ni sahihi na umeiandika wewe. Kama unavyothibitisha siku zote."

Karani mkuu akanisogezea kalamu. "Ni utaratibu tu," akasema, na hakunitazama. "Hutaitwa popote."

Nikauliza itakuwaje nisiposaini. Wakatazamana. Yule wa kwanza akasema kwa upole uleule kwamba basi itabidi waulize ni kwa nini mtumishi wa kamati anaandika jambo asiloweza kulithibitisha, na kama ameandika uongo huu, ameandika uongo mara ngapi katika miaka kumi na saba. Hapo walinipata. Wangenitishia jela ningewatukana, nawaambieni kweli, mimi nina mdomo. Lakini waligusa kazi yangu, na kazi yangu ndiyo jina langu. Nikasaini. Nikarudi kwenye meza yangu. Mzee Nukta aliponiuliza waliniitia nini nikamwambia ni mambo ya likizo.

Siku ya kumi na tisa Chiriku alitoka kwa dhamana. Kesi ilikuwa imeshapangwa: kutoa siri za kampuni na za serikali, na adhabu yake ni miaka saba. Kampuni ya simu ilimwachisha kazi kwa barua ya mistari minne. Yule ofisa aliyeomba namba mara kumi na moja hakutajwa mahali popote, si kwenye mashtaka, si kwenye barua.

Jumamosi yake mjomba akaitisha kikao cha familia nyumbani kwa mama. Tuliazima viti kwa jirani. Mjomba akakaa katikati, mama karibu yake, shangazi na binamu zetu ukutani, mimi dirishani. Shemeji aliwekwa kwenye stuli karibu na mlango kama mwizi wa kuku. Chiriku alikuwa amekaa peke yake, amekonda, vifundo vya mikono vimemtoka, bahasha ya kaki juu ya magoti. Hakuwa amenena zaidi ya salamu tangu tufike. Chiriku, huyo!

"Tumekutana kwa jambo moja," mjomba akasema. "Mtoto wetu ameuzwa. Nyumba haiwezi kulala na nyoka. Kila mtu aseme lake."

Mama hakungoja aruhusiwe. "Mkwe, mimi nilikupokea kama mwanangu. Umekula kwangu, umelala kwangu. Ulipokuwa unamtaja mwanangu kule, hukuikumbuka sura yangu?"

"Mama," shemeji akasema, "naapa sikumtaja. Waliniuliza, nikawaambia sijui. Hata hilo la pazia nililijua kwao, mke wangu alikuwa hajaniambia." Akaanza kulia, mwanamume mzima, analia na hajifuti.

"Machozi ya mamba," akasema shangazi. Binamu mmoja akasema aondoke leo na nguo zake. Mwingine akasema hapana, aende kwanza kituoni akakanushe. Kila aliyesema alikuwa na uhakika, na kila uhakika ulipandia juu ya ule uliotangulia. Shemeji alikuwa ananitazama mimi. Siyo kwa kunishuku, alikuwa ananiomba. Mimi ndiye niliyemkutanisha na Chiriku, mimi ndiye niliyesimama upande wake mama alipomkataa mara ya kwanza.

Mjomba akanigeukia. "Na wewe dada mtu? Wewe ndiye msomi wetu, unajua mambo ya serikali. Unasemaje?"

Chiriku akainua macho. Aliniangalia hivi, kwa utulivu, hana hasira, na kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuniangalia. Nilidhani amechoka. Nilidhani anasubiri nimtetee mumewe, na nilitaka kumtetea, Mungu ni shahidi yangu, lakini kumtetea kungeleta swali, kama siye yeye ni nani. Nikakohoa.

"Mimi naona," nikasema, "shemeji apumzike kwao kwanza. Mpaka mambo yatulie."

Shemeji akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Mama akasema, "Umesikia? Hata yeye!"

"Asante, dada," akasema Chiriku. "Nilitaka nikusikie kwanza."

Akafungua bahasha. Akasema wakili alipewa karatasi zile jana na upande wa mashtaka, kwa sababu sheria inataka mshtakiwa awajue watakaosimama kutoa ushahidi dhidi yake. Akasema wakili amemwambia kwamba wale watu hawakuwa na kitu mkononi, pazia lilikuwa pazia, namba ilikuwa namba. Kulikuwa na maneno machache tu pembeni mwa ukurasa, na maneno ya pembeni ambayo mwandishi wake hajayathibitisha mahakama ingeyatupa. Kesi ilikuwa hewa tupu mpaka siku ya tano, mwandishi alipoitwa, akasaini.

Nilijaribu kusimama.

"Soma, mwanangu," mjomba akasema, akimkazia shemeji macho. "Soma kila mtu asikie."

Chiriku akasoma kama nilivyomfundisha, bila haraka, akishuka na kidole. "Shahidi wa kwanza. Mwandishi wa kumbukumbu za kamati. Dada wa mshtakiwa."

Mama hajui kusoma, na masikio yake siku hizi ni mazito kidogo. Alimtazama mjomba, akamtazama shangazi, wote wameangalia chini.

"Dada yake yupi?" akauliza.

Alituzaa wawili tu.